Mwanafunzi wa Kushika Kamba

"Huyu mutoto nilimuzala na maulizo." Hivyo ndivyo Apolline alivyozoea kuwaambia wateja wake kuhusu binti yake, Pascaline.

Apolline anauza maharage na dagaa sokoni Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Familia yake ilitoka Kivu Kusini, Kongo, wakati Pascaline alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Kwao walikuwa wakulima wa mihogo. Hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini Nakivale, ng'ombe wa wenyeji, wale wenye pembe ndefu, hupita kila siku kwenda kunywa maji ziwani. Pascaline alipokuwa mdogo aliwafuata kwa nyuma, akiwauliza wachungaji maswali.

"Kwa nini ng'ombe anatafuna na hajala kitu? Kwa nini yule anachechemea? Mnajuaje kwamba huyu ana mimba?"

Wachungaji wengine walimfukuza. Wengine walimjibu, na kila jibu lilizaa swali lingine.

Alipomaliza sekondari, Pascaline alipata ufadhili. Alikwenda mjini Mbarara kusomea afya ya mifugo katika chuo kimoja. Alipanga chumba Kakoba, katika ua wenye vyumba sita na bomba moja la maji. Asubuhi alikwenda chuoni kwa miguu, akiwapita bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria na wanawake waliokuwa wakipanga nyanya barabarani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vitabu. Mwaka wa pili ulikuwa wa vitendo, na huo ndio aliokuwa akiusubiri Pascaline.

Mwalimu wa vitendo aliitwa Rwabushaija. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzito, na buti zake za mpira hazikukauka matope. Aliwajua ng'ombe kuliko mtu yeyote pale chuoni. Siku ya kwanza aliwapeleka wanafunzi zizini kujifunza kupima mimba.

"Leo tunaangalia kama huyu mama ana ndama tumboni," alisema. "Mtu anavaa glavu ndefu mpaka begani. Anapaka sabuni. Anaingiza mkono kwa nyuma, pale mavi yanapotokea, polepole. Halafu anahisi kwa vidole. Macho hayasaidii hapa. Ni vidole tu."

Pascaline alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza. "Mimi nianze, Mwalimu!"

"Wewe shika kamba," alisema Mwalimu Rwabushaija. "Concilie, wewe andika. Parfait, vaa glavu."

Pascaline alishika kamba ya ng'ombe. Concilie, msichana mwenzake wa pekee darasani, aliandika. Parfait na wavulana wengine walipima mmoja baada ya mwingine.

"Unahisi nini?" Pascaline alimnong'oneza Parfait.

"Kitu kama mpira wenye maji," alisema Parfait. "Siwezi kueleza. Mpaka uguse mwenyewe."

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na ile iliyofuata pia. Pascaline alimjua kila ng'ombe kwa uso, lakini hakumgusa hata mmoja kwa nyuma. Alipouliza zamu yake itafika lini, mwalimu alijibu, "Itafika. Sasa shika kamba vizuri."

Likaja jaribio la kwanza. Siku hiyo kila mwanafunzi alipima peke yake. Pascaline aliingiza mkono na kuhisi vitu vingi laini, lakini hakujua kipi ni kipi. Muda ukaisha. Mwalimu akasema, "Hujui," akaandika alama. Pascaline alikuwa ameanguka. Concilie naye alikuwa ameanguka.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwisho wa muhula. Anayeanguka hurudia mwaka. Na ufadhili wa Pascaline haukuruhusu kurudia. Angeanguka, angerudi Nakivale.

Jioni ile alikaa uani na jirani yake, wakimenya matoke. Jirani huyo aliitwa Godeberthe, Mrundi aliyekulia Nakivale pia. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na huko wanafunzi walikuwa wamemchagua awe mwakilishi wao. Sasa alifundisha shule ya msingi pale Kakoba. Pascaline alimsimulia yote, huku kisu kikienda mbio kwenye ndizi.

"Utajikata," alisema Godeberthe. "Sasa, umelalamika?"

"Nimelalamika sana, dada! Nimemwambia Concilie, nimemwambia Parfait, na sasa nakwambia wewe."

Godeberthe alicheka. "Huko ni kunung'unika, mdogo wangu. Mimi nitakuonea huruma, lakini siwezi kukupa ng'ombe. Malalamiko ni kumwambia mtu mwenye kazi ya kukusikiliza, tena kwa njia ambayo inamlazimu akujibu. Chuo chenu hakikuwapa kitabu cha mwongozo wa wanafunzi?"

"Kipo. Nilisoma saa za chakula tu."

"Kilete."

Walikifungua kwenye mapaja, na maganda ya ndizi miguuni. Karibu na mwisho kulikuwa na sura yenye kichwa "Malalamiko ya Mwanafunzi". Kiingereza chake kilikuwa kigumu, lakini walikichambua sentensi moja moja. Pascaline alisahau uchungu wake.

"Kumbe kuna ofisi ya mlezi wa wanafunzi! Kumbe naweza kwenda na mtu wa kunisindikiza! Dada, haya yote yalikuwa sandukuni mwangu?"

"Yalikuwa humo. Sasa soma hapa."

Pascaline alisoma. Mwanafunzi aanze kwa kuzungumza na anayehusika mwenyewe, ikiwa ni salama kufanya hivyo.

"Kwa nini wameandika 'ikiwa ni salama'?" aliuliza.

"Kwa sababu mambo hayalingani," alisema Godeberthe. "Mwalimu akikupiga, au akikutaka kimapenzi ili akupe alama, humfuati peke yako kuzungumza. Unakwenda moja kwa moja kwa mlezi wa wanafunzi, hata polisi. Lakini jambo lako ni la zamu na ng'ombe. Mwalimu wako anatisha?"

Pascaline alifikiri. "Ana sauti kubwa tu."

"Basi anza naye."

Kesho yake Pascaline alimkuta Mwalimu Rwabushaija akiosha buti bombani. Alisimama mbali kidogo, akasema kwa heshima, "Mwalimu, naomba na mimi nipewe nafasi ya kupima kabla ya mtihani. Tangu tuanze nimeshika kamba tu."

Mwalimu hakuinua kichwa. "Ng'ombe si mchezo, binti. Mimi nawalinda. Siku moja utanishukuru."

"Unanilinda na nini, Mwalimu?"

Mwalimu alifunga bomba, akaondoka.

Mwisho wa wiki Pascaline alikwenda Nakivale. Alitaka mama yake ajue kabla hajaandika barua ya malalamiko chuoni. Apolline alisikiliza huku akipima maharage kwa kikopo. Mteja alipoondoka, aliinama karibu na binti yake.

"Unataka kushitaki mwalimu? Pasca, sisi batu ba Nakivale tunasoma kwa huruma ya bengine. Bakikufukuza, utasoma fasi gani?"

"Mama, kitabu cha chuo kinasema mwanafunzi hawezi kuadhibiwa kwa sababu amelalamika."

"Kitabu kinasema," alijibu Apolline. "Batu je?"

Pascaline alirudi Mbarara na swali hilo, akalifikisha kwa Godeberthe kama lilivyo.

"Mama yako ana akili," alisema Godeberthe. "Watu wanaweza kuvunja kanuni, ndiyo. Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Utapeleka barua nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Utakuwa na shahidi. Na hofu yako usiifiche, iandike humo humo: 'Naomba nisidhuriwe kwa sababu ya barua hii.' Wakishaisoma na kuipokea, hawawezi kusema hawakujua."

Pascaline alikaa kuandika. Barua ya kwanza ilianza hivi: "Mwalimu Rwabushaija anachukia wasichana na wakimbizi."

Godeberthe aliisoma, akairudisha. "Umeuona moyo wake?"

"Hapana, lakini—"

"Uliona nini kwa macho yako?"

"Niliona wavulana wote wakipima. Mimi na Concilie hatukupima."

"Concilie ni mkimbizi?"

"Hapana. Ni wa hapa hapa, Ankole."

"Basi neno 'wakimbizi' limetoka wapi?"

Pascaline alilitazama neno hilo. Lilitoka katika uchungu wake. Alilifuta. Akafuta na neno "anachukia".

"Andika kilichotokea," alisema Godeberthe. "Nani, lini, wapi, nani aliona. Andika kwamba ulizungumza naye na alikujibu nini. Halafu mwisho, watu wengi husahau hili, andika unataka nini. Hasira haitekelezeki, mdogo wangu. Ombi linatekelezeka. Unataka nini? Afukuzwe?"

"Hapana!" Pascaline alishtuka. "Yeye ndiye anayejua ng'ombe. Akifukuzwa, nani atanifundisha?"

"Basi sema."

Pascaline aliandika: "Naomba mambo mawili. Wanafunzi wote wapewe zamu sawa za kupima. Mimi nifundishwe, kisha nirudie jaribio." Aliisoma kwa sauti. Ilikuwa fupi. Ilimshangaza kuona taabu ya muhula mzima inaenea katika ukurasa mmoja.

Alimwomba Concilie watie sahihi pamoja. Concilie alikataa. "Tangulia wewe," alisema, akitazama chini. "Mimi naogopa." Pascaline hakumlaumu. Hofu hiyo aliijua kutoka nyumbani.

Parfait alikubali kuwa shahidi. "Mimi ndiye niliyevaa glavu," alisema. "Nitasema ukweli."

Ofisi ya mlezi wa wanafunzi ilikuwa mwisho wa korido. Mlezi aliitwa Bi Natukunda. Karani alipokea barua, akagonga muhuri nakala zote mbili. Pascaline alikuwa akigeuka kuondoka, sauti ikamwita kutoka ndani.

"Wewe mtoto, kuja hapa. Kaa."

Bi Natukunda alisoma barua yote pale pale. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikitumia makusudi ili Pascaline atulie.

"Hii barua iko safi. Haina matusi. Sasa sikiliza. Mwalimu atapata hii maneno yako, na yeye ataandika yake. Halafu tunakaa pamoja."

"Ataniona mimi ndiye niliyeandika?"

"Ataona. Mtu akishitakiwa lazima ajue ni nini na ni nani, ndiyo ajitetee. Hiyo ni haki yake, kama wewe iko na haki yako. Lakini akikusumbua, unakuja hapa siku hiyo hiyo. Na kitu ingine: usiweke kwa WhatsApp. Ukitukana mtu huko, kesi yako inaharibika."

"Na nisiporidhika na uamuzi?"

Bi Natukunda alitabasamu. "Unauliza vizuri. Unakata rufaa kwa mkuu wa chuo. Juu yake iko bodi ya chuo. Sisi tunapaswa kujibu wewe ndani ya wiki mbili."

Wiki mbili zilipita. Jibu halikuja. Zizini, Mwalimu Rwabushaija hakumsumbua, lakini hakumtazama pia. Alisema "wewe" akiangalia upande mwingine. Wanafunzi wengine walinong'ona. Mmoja alimwambia, "Weka mambo yote kwenye kundi letu, chuo kizima kijue!" Pascaline alishika simu. Vidole vilimwasha. Kisha akairudisha mfukoni.

"Wamenisahau, dada," alimwambia Godeberthe.

"Inawezekana. Ofisi ina karatasi nyingi. Muda ukipita, unakumbusha, tena kwa maandishi. Andika, 'Nakumbusha barua yangu ya tarehe fulani.' Mistari mitatu inatosha."

Pascaline alipeleka mistari mitatu. Karani alipekua faili, akashika kichwa. Barua ya kumwita kwenye kikao ilikuwa imechapwa, lakini haikutumwa. Alimpa pale pale.

Siku ya kikao, Pascaline aliingia na Godeberthe kama msindikizaji wake. Mezani walikaa Bi Natukunda, mkuu wa idara na mwakilishi wa wanafunzi. Mwalimu Rwabushaija alikaa upande wa pili. Bila buti zake alionekana kama mtu mwingine.

Pascaline alieleza. Alisema tu yale aliyoyaona. Parfait aliitwa, akasema yale yale. Kisha zamu ya mwalimu ikafika.

"Ni kweli," alisema.

Mkuu wa idara aligeuka kumtazama.

"Ni kweli, wasichana nawaweka kwenye kamba. Miaka iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike. Ng'ombe alimrushia teke, akamvunja mkono. Baba yake alikuja hapa. Alinifokea mbele ya watu wote kwamba nimemharibia mtoto." Alitazama mikono yake. "Tangu siku hiyo nikaogopa. Kibano chetu kimevunjika."

"Kibano ni nini?" aliuliza mwakilishi wa wanafunzi, ambaye alisomea uhasibu.

Pascaline alishindwa kujizuia. "Ni ule uchochoro wa mbao. Ng'ombe anasimama ndani yake peke yake, na mbao zinamzuia. Hawezi kugeuka wala kumfikia mtu kwa teke." Kisha akamgeukia mwalimu. "Lakini Mwalimu, teke halichagui. Linaweza kumvunja na Parfait."

Mwalimu Rwabushaija akasema polepole, "Ni kweli. Sikulifikiria hivyo. Mvulana akiumia, hakuna baba anayekuja kunifokea."

Bi Natukunda aliweka kalamu chini. "Mwalimu, hiki kibano uliomba kitengenezwe?"

"Mara nyingi! Kila nikikutana na watu wa idara nawaambia."

"Uliandika?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Mkuu wa idara alikohoa. "Ni kweli ameniambia," alikiri. "Njiani, kwenye chai. Nikasahau. Hakuna barua mezani kwangu."

Godeberthe alimgusa Pascaline kwa kiwiko. Pascaline alimtazama mwalimu wake kwa macho mapya. Kumbe na yeye, muda wote huo, alikuwa akinung'unika tu.

Uamuzi ulikuja kwa maandishi wiki iliyofuata. Chuo kitatengeneza kibano kabla ya mtihani. Kila mwanafunzi atapima kwa zamu, na zamu zitabandikwa ukutani. Alama za jaribio la kwanza za Pascaline na Concilie zinafutwa. Watafundishwa upya, kisha warudie. Mwalimu ameonywa kwamba kumlinda mtu hakumpi ruhusa ya kumnyima somo.

Pascaline alimpigia mama yake simu.

"Na ule mwalimu? Bamemufukuza?" aliuliza Apolline.

"Hapana, mama. Hakuna aliyefukuzwa."

"Na weye?"

"Mimi nipo. Nasoma."

"Sasa mumepata nini?"

"Mbao, mama! Mbao na misumari!"

Apolline alicheka mpaka wateja wakamuuliza ana nini.

Maseremala walikuja, na kibano kikasimama. Mwalimu Rwabushaija alikitikisa kwa mikono miwili, akakipiga teke yeye mwenyewe, akaridhika. Akaingiza ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, akafunga mlango wa mbao.

Alisoma karatasi ya zamu ukutani. "Pascaline."

Pascaline alivaa glavu. Alipaka sabuni. Mwalimu alisimama kando yake, safari hii akimtazama.

"Polepole. Usimlazimishe. Akibana, subiri. Sasa shuka chini kidogo. Unahisi nini?"

"Laini... Mwalimu, kuna kitu kikubwa. Kama begi limejaa maji."

"Hilo ndilo. Lisukume taratibu kwa vidole, ulisikilize."

Pascaline alifumba macho. Alisukuma. Ndani ya maji yale kitu kigumu kilimgonga, kidogo kama ncha ya kidole gumba. Kilikuwa ukwato. Alikigusa tena. Kikavutwa.

"Amevuta mguu!" alipiga kelele, mpaka ng'ombe akatikisa masikio. "Mwalimu, yuko hai, amevuta mguu wake!"

Mwalimu Rwabushaija alikuwa amewahi kuhisi jambo hilo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Hata hivyo alitabasamu kama mtu anayelisikia mara ya kwanza.

"Ana miezi mingapi huyo?" alimuuliza.

Pascaline alipima ukubwa wa ukwato kwa vidole, akafikiri. "Sita? Karibu saba?"

"Sita na zaidi. Umefaulu hata kabla ya jaribio."

Alipotoa mkono, Concilie alikuwa tayari nyuma yake, amevaa glavu mpaka begani, ingawa hakuna aliyemwita. Pascaline alimpisha. Lakini hakwenda mbali.

"Mwalimu," alisema, "mle ndani ni giza. Yule ndama alijuaje kwamba nimemgusa?"

Mwalimu Rwabushaija aliegemea mbao mpya.

"Hilo," alisema, "hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Ngoja Concilie amalize, tukalitafute pamoja."